Filamu ya Gattaca na swali ambalo vinasaba haviwezi kulijibu

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Vincent Freeman huingia kwenye kijichumba cha chuma, akavua nguo zote na kujisugua mwili mzima kama mtu anayetaka kubandua ngozi yake. Hukata kucha hadi mwisho, huondoa kila unywele uliolegea, hukwangua kila ganda la ngozi kavu. Akishatoka, moto huwaka mle ndani ukateketeza chembe zote alizoziacha. Kisha hubandika kwenye ncha ya kidole kigozi cha bandia chenye damu ya mtu mwingine, na pajani hufunga kifuko chenye mkojo wa mtu huyo huyo. Sasa anaweza kwenda kupita mlango wa ofisi.

Hiyo ni Gattaca, filamu ya sayansi ya kubuni iliyoandikwa na kuongozwa na Andrew Niccol na kutoka Oktoba 1997. Vincent, anayeigizwa na Ethan Hawke, anaishi katika dunia ambayo tone la damu ndilo cheti cha shule, barua ya kazi na posa. Wazazi wake walimzaa bila kupitia maabara, kwa hiyo ndoto yake ya kuwa mwanaanga ilifungiwa mlango kabla hajajifunza kutembea. Anaazima utambulisho wa Jerome Morrow, anayeigizwa na Jude Law, muogeleaji mwenye jeni za kuonewa wivu ambaye miguu yake imepooza. Kwa damu na mkojo wa Jerome, anaingia mahali alipokatazwa.

Kwenye kumbi za sinema haikuvuma. Lakini kila inapotoka habari ya kampuni inayowauzia wazazi kipimo cha viinitete, yaani mimba changa zilizotungwa maabara, au ya watu kutuma mate yao maabara ili waambiwe asili yao, jina la filamu hii hurudi midomoni. Nimewasikia watu wakiitaja kwa maana mbili zinazopingana kabisa. Wa kwanza husema: ndiyo hiyo, vinasaba havidanganyi, siku si nyingi kila mtu atajulikana mwisho wake tangu tumboni. Wa pili husema: Vincent ametuonyesha kwamba jeni si kitu, ukijituma unafika. Naipenda sana filamu hii, na ndiyo maana nataka kuonyesha kwamba wote wawili wameisoma vibaya. Itanilazimu kusimulia hadi mwisho wake, kwa hiyo ambaye hajaiona na anataka kuiona akiwa hajui kitu, aanze na filamu.

Tuanze na maneno yenyewe

Vinasaba ni maandishi ya kikemikali yaliyomo karibu katika kila seli ya mwili. Maandishi hayo yana herufi nne tu: A, T, G na C. Jina Gattaca limeundwa kwa herufi hizo hizo nne, na mwanzoni mwa filamu herufi hizo hung'arishwa ndani ya majina ya waigizaji. Seti moja ya maandishi ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Seti nzima huitwa jenomu. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye kazi maalumu, mara nyingi maelekezo ya kutengeneza protini fulani, na binadamu ana jeni kama 20,000. Ukiweka maandishi ya watu wawili wasio ndugu kando kwa kando, yatafanana kwa asilimia kama 99.9. Tofauti ni kama herufi moja katika kila elfu, lakini ndani ya bilioni 3 hizo ni mamilioni ya tofauti.

Hapa ndipo pa kutulia, maana mkanganyiko wote unazaliwa hapa. Vinasaba hutumiwa kujibu maswali mawili ambayo watu huyachukulia kuwa ni moja. Swali la kwanza: huyu ni nani? Swali la pili: huyu atakuwa nani?

Fikiria namba ya gari. Namba hiyo itakuambia gari ni la nani, bila kubahatisha. Haikuambii kama litafika salama. Ukitaka kujua hilo, itabidi utazame injini, breki, barabara, dereva na mvua iliyonyesha usiku. Vinasaba kwa swali la kwanza ni kama namba ya gari. Mwaka 1984 mwanasayansi Alec Jeffreys wa Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa mpangilio wa vinasaba vyake. Miaka miwili baadaye njia hiyo ikatumika kwenye kesi ya mauaji ya wasichana wawili, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwokoa kijana aliyekuwa amekiri kosa ambalo hakulitenda. Baadaye ndipo ikamnasa muuaji. Tangu hapo, vipimo hivi vimefungua milango ya magereza na kuifunga, vimemaliza ugomvi wa nani ni baba wa mtoto, vimewapa majina maiti wasiotambulika. Sifa ya kutokosea ilipatikana hapo, na ilistahili.

Shida ni kwamba sifa ya swali la kwanza imehamishiwa kwenye swali la pili bila mtu kuuliza. Gattaca inalionyesha hili kwa ufundi ambao watazamaji wengi hupitwa nao. Bosi mmoja wa kituo cha anga anauawa. Wapelelezi wanaokota kope moja sakafuni, wanaipima, na jibu linakuja: Vincent Freeman. Jibu hilo ni sahihi. Kope ni yake, alikuwepo katika jengo hilo, maana anafanya kazi pale kwa jina la mtu mwingine. Lakini kwa kuwa jenomu yake imepangwa katika kundi la watu duni, wapelelezi wanaruka kutoka "alikuwepo" hadi "ndiye aliyeua". Muuaji halisi anakuja kujulikana baadaye. Ni mkurugenzi Josef, mzee nadhifu mwenye jenomu safi, ambaye alipohojiwa alijitetea kwa kuwakumbusha wapelelezi kwamba hana hulka ya ukatili. Kope ilijibu swali la kwanza. Swali la pili walilijibu wenyewe, kwa chuki.

Kwa nini kutabiri ni kugumu

Wanasayansi nao hutabiri, na mara nyingine wanapatia. Inategemea unatabiri nini.

Kuna hali chache ambazo jeni moja ndiyo inayoamua. Mtu mwenye selimundu amerithi kutoka kwa baba na mama jeni ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ambayo herufi moja imebadilika, T ikikaa mahali pa A. Herufi moja katika bilioni 3, na chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu na kuziba mishipa. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi bila kuumwa, na hata ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole katika utu uzima, nao hutokana na jeni moja ambayo herufi C, A na G zimejirudia mara nyingi kupita kiasi. Zikijirudia mara 40 au zaidi, mtu huyo atauugua ikiwa ataishi umri wa kawaida. Kwa magonjwa ya aina hii maabara ina haki ya kusema kwa sauti kubwa. Hata hivyo, ndugu wawili wenye selimundu ile ile, mmoja anaweza kulazwa kila mara na mwingine akapitisha miaka bila maumivu makubwa.

Halafu kuna jeni zinazoongeza hatari bila kuamua. Mwanamke aliyerithi hitilafu katika jeni ya BRCA1 ana uwezekano mkubwa mno wa kupata saratani ya matiti kuliko wanawake wengine, zaidi ya nusu katika maisha yake. Habari hiyo ina faida, kwa sababu anaweza kuchunguzwa mapema. Lakini wapo wenye hitilafu hiyo ambao hawaugui kamwe, na wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hawana hitilafu hiyo.

Na halafu kuna mambo ambayo watu hasa huyaulizia: urefu, akili, tabia, kipaji. Haya hayana jeni moja. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa urefu uliokusanya takwimu za watu wapatao milioni 5.4, na ukaonyesha sehemu kama 12,000 za jenomu zinazohusika. Kila moja inasukuma kidogo sana, na nyingine husukuma kinyume. Zikijumlishwa zote, kwa watu wenye asili ya Ulaya zinaeleza kama asilimia 40 ya tofauti za urefu. Kwa watu wenye asili ya Afrika zinaeleza sehemu ndogo kuliko hiyo, kwa sababu wengi mno wa waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Hili halisemwi vya kutosha. Mtu anayeuziwa utabiri wa jeni anapaswa kuuliza kwanza: utabiri huu umejengwa kwa miili ya akina nani?

Urefu, tena, ni jambo linalopimwa kwa rula ukutani. Hebu fikiria uvumilivu.

Wahenga wetu walibishana juu ya hili kabla ya darubini. Upande mmoja walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Upande wa pili walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Anayeijua lugha hii anazijua methali zote mbili na huzitumia zote mbili, kila moja kwa wakati wake. Chukua mbegu za gunia moja, uzigawe katika mashamba mawili, moja lenye rutuba na maji, jingine la changarawe. Ndani ya kila shamba, mimea itapitana urefu kwa sababu ya mbegu. Lakini shamba kwa shamba, tofauti kubwa utakayoiona ni ya udongo. Anayelitazama shamba la changarawe na kusema mbegu hizi ni mbovu, amekosea hata kama anajua kila herufi ya mbegu hizo.

Asilimia 99 ina maana gani

Turudi kwa Vincent. Sekunde chache baada ya kuzaliwa, muuguzi anamchoma kisigino, anaweka tone la damu kwenye mashine, na kuanza kusoma. Uwezekano wa kuugua mishipa ya fahamu, asilimia 60. Msongo wa akili wa kupanda na kushuka, 42. Kushindwa kutulia, 89. Kisha anasita. Maradhi ya moyo, asilimia 99. Matarajio ya umri wa kuishi, miaka 30.2.

Hiyo nukta mbili humtisha mtazamaji kuliko 30 yenyewe, kwa sababu inajifanya kujua mno. Lakini umri wa kutarajiwa ni wastani. Watu wawili, mmoja akafa na miaka 20 na mwingine na miaka 40, wastani wao ni miaka 30, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa akiwa na 30. Namba ya wastani ni habari ya umati. Muuguzi aliisoma kana kwamba ni tarehe ya kuharibika iliyopigwa mhuri kwenye kopo. Vincent mwenyewe anapokuja kumwambia mpenzi wake Irene kwamba moyo wake umeshapitiliza mapigo elfu kumi zaidi ya uliyopangiwa, anaongea kama mtu aliyelelewa akiutazama mhuri huo.

Hata hivyo nisiwapotoshe. Asilimia 99 ni kubwa, na filamu haisemi kwamba mashine ilidanganya. Kuna tukio Vincent anakimbia kwenye mashine ya mazoezi mbele ya wakaguzi, huku kifaa kikicheza mapigo tulivu ya moyo wa Jerome yaliyorekodiwa. Rekodi inakatika, na mapigo yake halisi yanasikika yakigonga kama ngoma. Anatoka akitabasamu, anafika chumba cha kubadilishia nguo, anaanguka chini akihema. Moyo wake ni mgonjwa kweli, na anayesema Vincent ameshinda jeni zake amelisahau tukio hili.

Kuchagua na kubadilisha

Wengi husema Gattaca ni filamu ya watoto waliobadilishwa jeni. Tazama tena tukio la wazazi wa Vincent kliniki, walipokwenda kutafuta mtoto wa pili. Daktari anawaonyesha viinitete vinne kwenye skrini, wavulana wawili na wasichana wawili, vilivyotungwa kwa mayai ya mama na mbegu za baba. Amevisafisha dhidi ya maradhi kadhaa bila hata kuulizwa, lakini anawatuliza kwamba mtoto bado atakuwa wao, ila aliye bora kati ya wale ambao wangeweza kuwapata. Sehemu kubwa ya kazi hapo ni kuchagua.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu kuchagua kupo tayari. Watoto wa kwanza waliozaliwa baada ya viinitete kupimwa walizaliwa mwaka 1990, kutokana na kazi ya timu ya Alan Handyside jijini London. Wazazi wao walikuwa wakikwepa maradhi mazito ya kurithi yanayowapata watoto wa kiume. Mzazi aliyewahi kumzika mtoto kwa ugonjwa wa aina hiyo ana sababu ya kulilia kipimo hiki, na sitamwita mbaguzi.

Kubadilisha ni kuingia ndani ya kiinitete na kuhariri herufi zenyewe. Chombo cha kufanyia kazi hiyo, kiitwacho krispa, ndicho kilichowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel mwaka 2020. Novemba 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha ambao jeni yao moja aliihariri wakiwa viinitete, akidai anawakinga na virusi vya Ukimwi. Wanasayansi wenzake dunia nzima walishtuka na kumlaani, na mwaka uliofuata mahakama ikamfunga miaka mitatu.

Na wale wanaotangaza kwamba watakuchagulia mtoto mrefu au mwenye akili? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba wazazi wenye viinitete 10, wakichukua kile kinachotabiriwa kuwa kirefu kuliko vyote, wangejipatia kwa wastani kama sentimita 2.5. Watafiti walipotazama familia zenye watoto wengi ambao wameshakua, mara nyingi yule ambaye kipimo kingemchagua hakuwa mrefu kuliko ndugu zake. Kwa sentimita 2.5 za kubahatisha, mzazi angewaacha tisa.

Ubaguzi unaanza lini

Ubaguzi wa vinasaba ni kumnyima mtu kazi, bima, elimu au haki nyingine kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye jenomu yake, au kinachodhaniwa kimeandikwa, wakati mwili wake leo hauna tatizo. Neno la kushika ni leo. Rubani asiyeona vizuri akizuiwa kurusha ndege, hajabaguliwa. Rubani anayeona vizuri akizuiwa kwa kuwa baba yake alipofuka uzeeni, huyo amebaguliwa.

Kwa kipimo hicho, kesi ya Vincent ina utata, nami nakiri hunisumbua. Moyo wake una tatizo leo, na chombo kinachokwenda Titan, mwezi wa Zohali, kimebeba watu wengine pia. Lakini tazama alivyofika hapo. Hakuna aliyewahi kuusikiliza moyo wake ili kujua unaweza nini. Mashine ilisema, basi. Akiwa mdogo, mama yake anampeleka shule na geti linafungwa mbele yao, kwa sababu bima haitalipa mtoto huyu akianguka. Siku ya usaili wa kituo cha anga, anapojitokeza na mkojo wa Jerome, kipimo kinakubali na daktari anampongeza. Anauliza usaili uko wapi. Usaili ulikuwa ndio huo mkojo. Kwa hiyo yule anayemkataa Vincent wa kweli na yule anayemkubali Jerome wa bandia, wote wawili hawajamtazama mtu aliye mbele yao.

Na kabla ya shule na kituo cha anga, alikuwepo baba. Alikuwa na jina tayari kwa mzaliwa wake wa kwanza: Anton, kutokana na jina lake mwenyewe. Muuguzi akamaliza kusoma namba zake, akauliza mtoto anaitwa nani. Mama akalitaja. Baba akakatiza: hapana, aitwe Vincent Anton. Jina la baba likawekwa akiba hadi alipozaliwa yule wa pili, wa kuchaguliwa. Haipiti hata dakika moja, na nimeirudia mara nyingi kuliko tukio jingine lolote katika filamu hii. Mtoto ana umri wa dakika chache na tayari ameshapoteza kitu.

Nje ya sinema, haya yameshatokea. Linus Pauling, mmoja wa wanakemia wakubwa wa karne ya 20, ndiye aliyeonyesha na wenzake mwaka 1949 kwamba selimundu ni ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1968 aliandika kwamba vijana waliobeba jeni hiyo wachorwe alama kwenye paji la uso, ili wawili wenye alama wasije wakapendana. Alikuwa na nia ya kupunguza mateso ya watoto. Lakini waliobeba jeni hiyo, wengi wao Wamarekani weusi wenye afya njema, walikuwa tayari njiani kuadhibiwa: Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kiliwakataa hadi mwaka 1981, kwa hofu ya yatakayowapata huko juu. Unaona jinsi Vincent asivyokuwa wa kubuni sana.

Nchini Ujerumani, katika jimbo la Hesse, mwalimu mmoja alinyimwa ajira ya kudumu serikalini ingawa daktari alimkuta mzima. Baba yake alikuwa na Huntington, na mtoto wa mgonjwa wa Huntington ana nusu kwa nusu ya kuirithi jeni hiyo. Akaenda mahakamani, na mwaka 2004 akashinda. Marekani, kampuni ya reli ya Burlington Northern Santa Fe ilishitakiwa mwaka 2001 kwa kupima kwa siri damu ya wafanyakazi waliolalamika maumivu ya viganja, ikitafuta jeni ya kulaumu. Ilikubali kulipa dola milioni 2.2. Fundi amegonga chuma kwa miaka, mkono umemwuma, na mwajiri anatafuta kosa kwa babu zake.

Msomaji atauliza: sheria ziko wapi? Zipo. Marekani ilipitisha mwaka 2008 sheria iitwayo kwa kifupi GINA, inayokataza waajiri na bima za afya kutumia habari za vinasaba. Haigusi bima ya maisha wala ya ulemavu. Kanada ilikwenda mbali zaidi mwaka 2017, ikafanya kumlazimisha mtu apimwe vinasaba kama sharti la mkataba wowote kuwa kosa la jinai. Lakini Gattaca inatoa onyo hapa, na ni onyo la mtu anayejua ofisi zinavyoendeshwa. Katika dunia ya Vincent, ubaguzi huo ni haramu kisheria. Hakuna anayejali. Usipotoa damu, watachukua chembe kwenye kitasa ulichoshika, kwenye mkono uliopeana, au mate uliyotumia kufunga bahasha ya maombi ya kazi. Mwajiri halazimiki kueleza kwa nini hakukuita.

Wala watu hawakungoja sayansi iwape ruhusa. Francis Galton wa Uingereza alibuni mwaka 1883 neno la fani ya kuboresha kizazi cha binadamu kama mifugo. Mwaka 1907 jimbo la Indiana likatunga sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu walioitwa duni, na Mahakama Kuu ya Marekani ikabariki sheria za aina hiyo mwaka 1927. Zaidi ya watu 60,000 walikatwa uwezo wa kuzaa nchini humo, na Ujerumani ya Hitler ikafuata njia hiyo tangu mwaka 1933. Wakati huo hakuna aliyewahi kusoma hata herufi moja ya jenomu ya binadamu.

Nia ya mtu na mipaka yake

Sasa tuwageukie wale wanaosema ukijituma, jeni si kitu.

Vincent na mdogo wake Anton walikuwa na mchezo wa kuogelea baharini kuelekea kilindini, na wa kwanza kugeuka ndiye aliyeshindwa. Anton, aliyechaguliwa maabara, hushinda daima. Siku moja mambo yanageuka: Anton anaishiwa nguvu katikati ya maji na Vincent ndiye anayemvuta hadi ufukweni. Miaka mingi baadaye, wakiwa watu wazima, mmoja mpelelezi na mwingine mtuhumiwa, wanarudia usiku. Vincent anashinda tena, na anapoulizwa amewezaje, anajibu kwamba hakuwahi kujiwekea akiba ya nguvu za kurudia.

Watu hulipenda jibu hilo, nami pia. Ila lisikilize vizuri. Mtu huyu hasemi kwamba bahari ni fupi au kwamba moyo wake ni mzima. Anasema amekubali kulipa bei ambayo ndugu yake hakuhitaji kuilipa. Ameyakariri mahesabu ya safari za anga vitabuni, amefagia sakafu za kituo hicho hicho akiwatazama wengine wakiruka, amekatwa mifupa ya miguu irefushwe ilingane na ya Jerome. Kumwambia mwenye selimundu ajitume tu ni ukatili uleule wa muuguzi, umevaa nguo nyingine. Nia inamfikisha mtu hadi kwenye mpaka wa mwili wake. Mpaka huo uko wapi ndilo jambo ambalo mashine haikulijua, na Vincent naye hakulijua mpaka alipoogelea.

Jerome anaionyesha sarafu upande wa pili. Jeni zake hazikuwa na doa, na aliambiwa hivyo tangu utoto. Akashika nafasi ya pili. Medali ya fedha ilimlemea kuliko ambavyo kukataliwa kulimlemea Vincent, hadi akaingia barabarani mbele ya gari kwa makusudi. Utabiri ulimbana yeye pia, ila yeye ulimwekea alama ya juu mno.

Siku ya safari, Vincent anakuta kipimo cha mkojo ambacho hakukitarajia, na mara hii hana kifuko. Ni daktari Lamar, aliyempima miaka yote. Vincent anatoa mkojo wake mwenyewe. Wakati mashine inasoma, Lamar anaanza kumsimulia habari za mwanawe, ambaye anamhusudu Vincent na anataka kuwa kama yeye. Anasema mtoto huyo hakutokea kama walivyoahidiwa, lakini nani ajuaye atakachoweza. Skrini inaonyesha sura ya Vincent Freeman na neno batili. Lamar anamshauri, kwa siku zijazo, kwamba mwanamume anayetumia mkono wa kulia hajishiki kwa mkono wa kushoto anapokojoa. Jerome alitumia wa kulia. Mashine zote za jengo lile zilipita miaka bila kugundua kitu, na daktari alikuwa akimtazama tu mkono. Anabonyeza kitufe, neno batili linafutika, na anamwambia aharakishe asije akachelewa chombo.